Kulungu

Usiku wa Murmansk hudumu wiki sita.
Sisi wa zamu ya bandarini tukivua glavu
tunapanda vifaru vya kwenye kioo,
tunapigana mpaka chai inapoa mara tatu.

Huko kuna kamusi isiyochapwa.
Nubu ni kurutu, kaingia jana.
Kaa wa mtoni hurudi kinyumenyume
kila akisikia mzinga.
Mwanafunzi ni yeyote anayelialia.
Na kulungu,
kulungu ni yule asimamaye katikati ya uwanja,
macho kama visahani,
akingoja apigwe.

Hiyo ndiyo maana. Matumizi ni mengine:
neno hulitamki ili kumfunza mtu,
unalitupa upesi lisije likakuangukia wewe.
Mimi liliniangukia mwaka juzi. Nakumbuka hata saa.

Mcheza kwao hutuzwa. Kwetu hutukanwa kwanza.

Jumanne tukapewa kifaru kimoja
kilichozunguka kinu cha upepo kama mbuzi kambani,
jina lake tarakimu tupu.
Nikaandika: Kulungu we, zima mashine ukalale.
Wenzangu wakacheka kwa mabano,
kama tunavyocheka huku, mabano matatu, manne.

Jibu likaja polepole, kama linachomwa kwa sindano:
Dume au jike?
Dume mwezi huu keshaangusha pembe.
Jike hubaki nazo mpaka azae,
ndiye anayewafukuza madume
kwenye shimo la chakula, chini ya theluji.

Nikaachia kipanya.
Mtu mmoja tu duniani angeuliza hivyo:
Kapitolina Rocheva, bibi mzaa mama,
aliyehesabu kulungu nyuma ya Lovozero miaka arobaini
na hakuwahi kupoteza hesabu ila siku ya mazishi ya babu.
Kompyuta nilimwachia mimi.
Nilimwambia, ukinikumbuka, niko humo ndani.

Basi alikuwa ananitafuta,
kifaru kwa kifaru,
akiwauliza watu wa Omsk na Perm kama wananijua,
nao wakimjibu kwa majina ya wanyama.

Sikujitaja. Aibu ina vidole vizito.
Niliandika tu: Kushoto, bibi. Nyuma ya ukuta.

Akaenda kulia.

Nikamfuata.
Tukalipuka karibu karibu, moshi wetu mmoja,
na mtu nisiyemjua akaandika chini ya kioo:
kulungu wawili.