Kengele ya Kamba

Juzabu alikuja Lubumbashi kuchomelea mabomba ya kiwanda.
Kiwanda kikafungwa, mabomba yakauzwa,
naye akapanda nyuma ya baiskeli iliyotoka kuuza makala
akashuka kwetu, ng'ambo ya Kafubu,
na nyundo tatu zilizofungwa ndani ya shuka.

Mhindi bila duka!
Watoto walimfuata siku nzima wakingoja biskuti.
Yeye aliomba mabati mabovu tu:
pipa, mlango wa gari, karai lililotoboka.
Mama akatoa karai, mimi nikalibeba.
Ndivyo nilivyoanza kazi, bila kuulizwa.

Wiki ya kwanza nilikata bati pamoja na vidole vyangu.
Ya pili nilijifunza kukunja: ukingo huu umeze ule,
bila msumari, bila moto wa kuungia,
kama viganja viwili vilivyosalimiana
na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuachia.
Kiswahili chake kilikuwa cha kiwandani:
lete, shika, hapana, tena.
Hiyo "tena" niliisikia hadi usingizini.

Kwao Kachi, alisema, ng'ombe hulala mbali nyikani
na mwenyewe huwajua gizani kwa masikio,
huyu wa Fulani, huyu wangu, huyu ana mimba.

Tulichimba udongo wa kichuguu, ule wa matofali,
tukaukanda na pamba ya godoro la marehemu babu.
Unga wa shaba aliusaga kwa tupa kutoka kwenye waya.
Waya ulitoka wapi, sikuuliza.
Kengele ikapakwa unga, ikavishwa udongo, ikaingia motoni,
nami nikapuliza mivukuto mpaka mbavu zikaniuma.
Bibi alikuja kutazama. Akasema moshi unamwasha macho,
akarudi ndani.
Usiku nikamsikia kitandani, mukuba, mukuba,
kama anayemwita mbuzi aliyepotea zamani.

Udongo ukapasuliwa: bati limevaa shaba.
Nikashangilia. Juzabu akasema, hapana.

Kumbe sasa ndiyo kazi.
Ukingo wa chini unagongwa kidogo,
unasikiliza, unagonga chini ya hapo, unasikiliza,
unatafuta sauti iliyojificha humo
kama unavyotafuta mwiba kisiginoni.
Kumi na moja zangu zilitoka bubu.
Ya kumi na mbili ilikohoa kama mvuta kiko.
Na barabarani malori yalikwenda Kasumbalesa, usiku na mchana,
shaba yetu yote chini ya maturubai,
hailii.

Mvua zilizopita, kwenye shimo la akina Mwape,
kamba ilitikiswa kutoka chini.
Juu walikuwa na redio.
Sitaieleza siku hiyo.
Ndugu yangu Kaumba huchimba shimo la pili yake.

Nilitengeneza moja ndogo, nene mabegani,
ulimi wake wa mninga.
Juzabu akaipokea, akaitikisa karibu na sikio.
"Ya mbuzi gani?"
"Ya Kaumba."
Hakusema hapana. Hakusema tena.
Akachukua nyundo ya mwisho, ile asiyoniruhusu kuishika,
akagonga ukingo mara moja,
akanirudishia, akaondoka kwenda kunawa,
akanawa kwa muda mrefu kuliko masizi yalivyohitaji.

Sasa imening'inia mdomoni mwa shimo.
Mlio mmoja: ndoo imejaa.
Miwili: nipandisheni.
Mitatu tulikubaliana, lakini hakuna anayeitaja.

Upepo ukitoka upande ule huwa inafika hadi jikoni.
Maji ya bukari yanachemka, unga umo mkononi mwangu,
mkono unasimama hewani.

Mmoja.

Kuku wanaparua majivu. Jirani ananiuliza kitu, simjibu.

Wa pili.

Namimina unga.