Mikanda Mitatu

Vitabuni ni armadilo. Huku Chaco jina lake ni tatu,
na mgongoni ana mikanda mitatu, usidhani nimetunga.
Aliletwa ndani ya ndoo ya rangi
na Eladio, dereva wa lori la ng'ombe, aliyesema:
miaka miwili tumekaa naye bafuni,
watoto wakimviringisha kwenye vigae,
mke wangu akimpa mkate uliolowa maziwa.
Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akalia.

Mimi Zunilda, wa zamu ya usiku.
Nafagia, napima, naandika.

Juni, tarehe tano. Gramu elfu mbili na mia moja,
kwa mnyama wa elfu moja na nusu.
Ufizi unatoka damu.
Magamba ya ubavuni yanabanduka kama rangi ya mlango wa zamani.
Nyayo za nyuma: vidonda viwili, kila kimoja kama mbegu ya tikiti.
Yeye za mbele hukanyagia ncha za kucha,
na saruji imezila kucha hizo, upande mmoja zaidi.

Daktari Irala huja Alhamisi.
Lakini utamtibuje mgonjwa
ambaye ni mlango, na ni kufuli pia?
Ukimgusa, kichwa na mkia vinapangana ubavu kwa ubavu,
tak!
Kidole changu bado kina alama.
Ngao ile ilifuliwa kwa ajili ya meno ya jagwa.
Yote iko juu.
Maradhi yalipita chini, kwenye nyayo, taratibu,
kama maji yaingiavyo nyumbani kwa mwenye bunduki.

Julai, upepo wa kusini.
Mwili wake hauna akiba ya joto; kifua kikaanza kukoroma.
Nikamfungia taa. Taa ikamponya kifua,
ikamkausha ngozi.

Marhamu iliandikwa, mara mbili kwa siku.
Hakuna aliyeandika: udongo.
Nilimwomba mkurugenzi. Akasema bajeti,
akasema usafi, akasema saruji huoshwa.

Jumapili usiku nikaja na nyundo ya kaka yangu.
Mita mbili kwa mbili, mpaka mikono ikafa ganzi.
Ndoo kumi na nne za udongo mwekundu, na majani makavu.
(Walinikata mshahara wa siku kumi na moja.
Sikuandika hilo daftarini.)

Nikamweka katikati. Akajifunga.
Saa tisa, bado mpira.
Nililala nimekaa, nyundo magotini.

Kulipokucha, mpira ule ule;
ila kandokando yake udongo umetobolewa
vitundu, vitundu,
kama kitambaa alichojaribia mtu sindano,
na kwenye mwanya wa ngao, ncha ya pua
ina tope.

Agosti mosi. Gramu elfu mbili na tisini.
Kidonda cha kushoto kimekauka.
Cha kulia, bado.