Kabla Hawajavua Viatu

Łódź, Februari. Theluji ya jana imegeuka tope la kijivu
mlangoni mwa hospitali, na mimi nina fomu.
Daktari huuliza mgonjwa ameingiaje.
Kazi yangu ni kuuliza atatokaje,
na niulize leo, kabla hajavua viatu.

Watu hudhani nawafukuza.
Bwana Zenobiusz, miaka themanini na moja, nyonga imevunjika,
alinitazama kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi:
"Sijalala hata usiku mmoja, dada, na tayari wanionyesha mlango?"
Sikuonyeshi mlango, mzee. Naulizia ngazi.
Ziko ngapi, kutoka barabarani hadi kitandani kwako?
Akafumba macho, akaanza kuzipanda, midomo ikihesabu,
akapumzika ghorofa ya pili, penye dirisha lililopasuka,
akafika juu akihema kweli:
sabini na mbili.
Na makaa ya jiko?
Chini kabisa, kwenye stoo. Ndoo mbili kwa siku.
Hubeba nani?
Akajigusa kifua.

Fomu ina maswali tisa, na kila jibu lina alama.
Umri. Kuanguka. Kusahau. Kulazwa mara ya pili mwaka huu.
Kuishi peke yake: hapo alama mbili kwa mpigo.
Zikifika kumi, jina linapanda ubaoni kwa wino mwekundu
nami naanza kupiga simu:
ofisi ya ustawi, kitanda cha kukodi,
jirani mwenye ufunguo.
Upande wa pili hupigwa muziki
mpaka sikio liote kutu.
Ndiyo maana naanza mapema. Chelewa chelewa,
utamkuta mgonjwa amepona na hana pa kwenda.
Nimewaona. Wamekaa ukingoni mwa kitanda, koti begani,
wiki ya tatu sasa tangu waambiwe wamepona,
mpaka mapafu yadake kikohozi cha jirani,
mpaka miguu isahau ilichokuwa ikikijua.

Bi Halszka aliingia Jumanne. Hamsini na saba. Mawe kwenye nyongo.
Alitembea mwenyewe, alijua tarehe,
alinisahihisha nilipokosea jina la mtaa wake.
Unaishi na nani?
"Na mwanangu."
Nikatia tiki: ana mtu nyumbani.
Alama moja. Wino wa kijani.
Nikaenda kunywa chai.

Saa kumi na moja jioni nikamkuta kwenye korido,
koti juu ya gauni la hospitali,
akiburuta stendi ya dripu kuelekea lifti.
Mfukoni, ndani ya karatasi ya kufutia mikono,
mikate miwili ya chakula chake cha mchana.
"Gerwazy hula saa kumi na mbili," alisema,
kama mtu anayetaja saa ya treni.
"Ikipita, hujigonga kichwa."

Gerwazy ana miaka thelathini na minne
na hajawahi kusema neno.
Kilo tisini. Mama humgeuza, humwosha, humkata kucha akiwa usingizini.
Jirani alikubali kukaa naye mpaka jioni,
lakini jirani ana zamu kiwandani.

Ana mtu nyumbani, ndiyo.
Fomu ilimhesabu kuwa mkono wa kusaidia,
kumbe ni mdomo wa kulishwa.
Nilikuwa nimeuliza nani yupo.
Sikuuliza nani anamngoja nani.

Sista Ludomira, mkuu wa wadi, akasema fomu haina nafasi hiyo.
Nikaandika pembeni, kwa wino mwekundu, herufi zikipinda
kufuata ukingo wa karatasi.
Ofisi ya ustawi ilikuwa imefungwa tangu saa kumi.
Muziki haukupigwa hata.

Nikamrudisha Bi Halszka kitandani.
Hakulia. Alinipa ufunguo, akanipa mikate,
akaniambia nisiwashe taa kubwa,
nisivae kofia, niingie nikiimba chochote.

Mtaa ule niliokosea jina. Ngazi arobaini na sita.
Nilizihesabu mwenyewe, kiganja kikibana ufunguo.
Kwenye ya thelathini nilikuwa bado natafuta wimbo.
Kwenye ya arobaini
nikaanza kuusikia ukuta.