Koti la Anaeli

Mwaka ule Anaeli aliposhikwa na homa
kaka yangu Ndekirwa alivaa koti lake,
kofia yake, kitambulisho chake cha upishi,
akapanda mlima kwa jina la binamu.
Langoni Machame wakaupima mzigo:
kilo ishirini kamili. Pita.
Mizani haikumuuliza
kama anajua kuwasha jiko kwenye upepo.

Nimemkumbuka usiku huu, maabara, Moshi mjini,
saa nane, jenereta likikohoa nje ya dirisha.
Nimeweka kipande cha galiamu kiganjani.
Kigumu kama jino. Kisha kikalegea,
kikawa tone linalokimbia mistari ya mkono.
Babu yetu wa Mamba, mhunzi,
aliyevukuta mivuba mpaka kifua kikatoa mlio uleule,
angecheka: metali gani hii
inayeyuka kwa kushikwa mkono tu?

Ila chumvi yake ikiingia damuni
hakuna anayecheka.

Damuni yuko mpagazi, transferini,
mikono miwili, kila mkono punje moja ya chuma.
Hana macho. Anapima kwa kupapasa:
unene wa punje, chaji zake tatu.
Galiamu ina chaji tatu.
Unene, tofauti yake ni ya unywele.
Pita.

Simlaumu. Mikono yake mingi hushinda mitupu,
na mkono mtupu hauchagui sana.
Laktoferini naye, mlinzi wa machozi na maziwa ya mama,
yule anayekificha chuma wadudu wasikilambe,
naye huipokea.
Feritini huifungulia ghala.
Mlango kwa mlango, salamu, karibu ndani,
na hakuna aliyesema hebu vua kofia tukuone.

Kambi ya kwanza, wageni wanane wamelowa,
wanataka supu.
Ndekirwa kasimama na mwiko
kama mtu aliyeshikishwa nyoka.
Wali uliungua chini, juu mbichi.
Walilala na biskuti.

Maana kazi ya chuma si kufika.
Kazi yake ni kukopa na kulipa:
elektroni moja, tatu inakuwa mbili,
mbili inarudi tatu, usiku kucha,
na kwa mkopo huo seli hujinakili, hugawanyika.
Galiamu haikopi.
Tatu yake ni tatu mpaka kiama.
Imekalia kigoda cha mpishi, jiko limezimika.

Ndiyo maana sijalala. Nina sahani nane
za vijidudu vya kijani kutoka kidonda cha moto
cha mama Ndeambilisia wa Njoro, muuza sambusa,
aliyemwagikiwa karai la mafuta.
Vina njaa ya chuma, wezi hodari,
hurusha vindoano nje kukitafuta.
Leo vindoano vimerudi
na Ndekirwa.

Sahani sita kimya.
Mbili zimeota vilevile, na sijui kwa nini.
Kwenye daftari nimeandika sita, nimeandika mbili,
neno dawa sijaliandika.
Mpishi wa bandia hachagui jikoni:
atamlaza adui na njaa, sawa,
lakini uboho wetu nao uko mezani na sahani yake,
unangoja chuma utengeneze damu.
Nani atamwambia, huku usiingie?

Mama Ndeambilisia hajui haya.
Jana aliniuliza lini atarudi stendi,
na kama harufu itaisha.
Nikasema tunapima.
Akasema, mnapima sana nyie.

Saa kumi na moja simu imetetemeka mfukoni.
Ndekirwa, siku hizi ana kitambulisho chake,
yuko langoni tena, foleni ndefu:
Wamepima. Ishirini kamili.

Nimenawa mikono mara mbili ndipo nikajibu:
Mzigo nimesikia. Na mwiko je?