Bomba la Ujerumani

Bomba la jikoni kwangu limeandikwa Kijerumani,
herufi zilizochimbwa kwenye chuma, nusu zimelika.
Ghorofa ya tatu, Kikwajuni. Mtaa wenyewe tunauita Ujerumani
na siku hizi hakuna anayeuliza: ipi?

Zamani ziliuzwa mbili kwenye ramani ya dunia,
na moja tu ndiyo iliyotuletea saruji,
na mafundi waliobabuka shingo kwa jua la Januari.

Mimi nilipelekwa kwao baadaye, mjini Halle,
kijana wa karakana, kusomea mabomba.
Miaka mitatu nikala viazi vya kila namna
isipokuwa mbatata za urojo.
Heidrun ndiye aliyenifundisha kukaza nati:
kaza mpaka igome, kisha rudisha robo.
Nimefundisha vijana thelathini kwa maneno hayo.

Ukuta wao ulipoanguka niliusikia redioni
nikiwa chini ya sinki la mtu, Kilimani.
Nilishangilia nikajigonga kichwa.

Barua ya kwanza ilikuja na picha:
Heidrun kapakata shazi la ndizi kama mtoto wa siku saba.
Ya pili ilisema kiwanda kimeuzwa kwa maki moja.
Nikamwandikia: umesahau sifuri, ni ngapi?
Akajibu: hakuna sifuri, Vuai.
Sifuri ni sisi.

Sasa mjukuu wake humwandikia kwa simu.
Mkurugenzi katoka Magharibi, jaji katoka Magharibi,
shule ya mtaani imefungwa, watoto wamekwisha,
binti kahamia huko huko kwenye mishahara.
Mjukuu anawapigia kura watu wanaopiga kelele.
Na mimi nina hasira, anasema Heidrun,
ila si ile.

Juzi kaja mgeni wa Stuttgart, anapiga picha madirisha yetu.
Nikamwambia kwa Kijerumani changu chenye kutu:
haya mliyajenga nyinyi.
Akacheka kwa adabu. Si sisi. Ni wale.
Akanyoosha mkono kuelekea mashariki,
yaani Chwaka.

Wale.
Neno hilo nalijua uzito wake, limo nyumbani mwangu.
Mize wangu ni wa Wete.
Miaka arobaini yumo humu, kazaa humu, kazika humu mamake,
na bado jirani wakigombea kamba ya nguo
husikii ila "watu wa kule".
Kule ni usiku mmoja wa meli.
Karafuu za kule zikishuka gatini ni zetu sote;
ajira zikigawiwa ndipo tunapoikumbuka bahari.
Mize hajibu. Huanika shuka zake
moja moja, akizinyoosha pembe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta:
niliwahi kumwandikia Heidrun methali hii kwa chaki
juu ya benchi lake la kazi, akaipenda, akakataa isifutwe.
Mwaka huu kaniuliza:
sisi tulianza na ukuta, tukaubomoa kwa nyundo na nyimbo,
tukabaki na ufa.
Hili nalo lina methali?

Nimetafuta. Nimemuuliza hata shemeji yangu Mbarouk,
ambaye ana methali ya kila kitu, hata ya kuvunjika kwa feni.
Hana.

Saa nane usiku maji hufika ghorofa ya tatu.
Bomba hukohoa kwanza, likatema kutu, likavuja.
Washa za Darajani haziliingii:
limekatwa kwa kipimo cha nchi isiyokuwepo.
Basi hukata mpira wa ndara ya zamani, nikaupanga kwa kisu,
Mize kanishikia tochi, kaufunga mtandio kichwani vibaya,
nusu yu usingizini.
Kaza mpaka igome, ananambia.
Najua.
Kisha rudisha robo.

Najua, Mize.
Tone limekaa mdomoni mwa bomba, limejaa,
tunalitazama sote wawili.