Dizeli Haikuwa na Kosa

Kioo cha pembeni kilinionyesha milima miwili
mahali penye mlima mmoja.
Ndivyo nilivyoujua ugonjwa: alfajiri, baridi ya Uyuni,
gari limesimama, injini iko sailensa,
na usukani unapapatika viganjani mwangu
kama kuku aliyeshikwa mbawa.
Nikikanyaga mafuta kidogo, mtetemo unakwisha.
Nikiachia, unarudi na ndugu zake.

Nikasema: dizeli.
Nikasema: ni huyu Limber, mtoto wa dada yangu,
aliyenunua madumu manne mpakani kwa Wachile
apate kubakiza senti.
Hakubisha sana. "Mjomba, nilichuja kwa kitambaa,"
nami nikamwambia kitambaa hakichuji uongo.
Nikamshusha Colchani, yeye na blanketi lake.

Kisha nikanunua nozeli sita
kwa pesa ya bati la nyumba.
Nozeli mpya, mtetemo ule ule.
Watalii wa viti vya nyuma walipakata chupa za maji
wakacheka jinsi maji yalivyocheza.

Casimira Colque hana kibao mlangoni.
Ana sketi tatu, moja juu ya nyingine,
na tochi kichwani mahali pa kofia.
Hakuniuliza gari lina nini.
Aliuliza: "Linatikisika lini?"
Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza,
wala mimi sikuwa nimejiuliza.

Akashika spana namba kumi na saba,
akalegeza bomba la nozeli ya kwanza. Injini ikayumba.
Akalikaza. La pili: ikayumba.
La tatu, la nne, dizeli ikimrukia hadi kwenye viwiko,
la tano, la sita,
na kila moja lilipokosekana
injini ililia kama nyumba iliyofiwa.
"Wote sita wanafanya kazi," akasema.
"Humu hamna mvivu."

Akapanda yeye kwenye usukani, mimi nikabaki pembeni mwa boneti.
Breki hadi mwisho, gia ya kwanza,
klachi akaiachia taratibu, kama mtu anayeficha kikohozi.
Nikaiona injini nzima ikinyanyuka upande wa kushoto,
vidole vitatu,
kisha ikakaa. Ko!
Ule mlio niliodhani siku zote ni mawe ya njiani.

Jeki, kipande cha ubao chini ya sampu.
Akachomeka mtaimbo, raba ikafunguka kama mdomo.
Chumvi ilikuwa imekula chuma chake,
na oili ya miaka imeilainisha
ikawa mkate uliolowa.
Ya upande wa pili nayo imepasuka, ila inajifanya nzima.
"Injini haina neno," akasema Casimira, akapiga chafya.
"Ni pale inapokalia."

Raba mbili: chini ya bei ya nozeli moja.

Saa nane mchana niko juu ya chumvi,
na nasikia vitu ambavyo sikuwa nikivisikia:
sarafu kwenye kisahani cha majivu,
zipu ya koti langu,
kiti cha abiria, kitupu, kikiguna kwa springi zake.

Limber alikuwa akifunga pakiti za chumvi, kucha zimechanika.
Sikuzima injini. Nilitaka aisikie.
Maneno niliyoyapanga njia nzima yakanikwama,
nikampa raba kuukuu, nzito, yenye mafuta.
Akaigeuza. Akatia kidole kwenye ufa,
kikazama hadi kwenye fundo.
"Hii haikupasuliwa na dizeli," akasema.
"La."
Akaendelea kuishika.
"Na nozeli ulinunua ngapi, mjomba?"
Nikamwambia.
Akacheka. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia,
na mimi nikasimama pale, gari likinguruma kwa adabu nyuma yangu,
nikingoja amalize.