Wote Wawili Wamekosa

Chumba tumepewa na maktaba, kile cha watoto,
ghorofa ya chini. Viti ni vifupi.
Nimevipanga duara, nikaondoa meza,
maana kitabu cha mafunzo kinasema
meza ni ukuta uliolala.
Kisha nikairudisha. Chupa ya kahawa ingekaa wapi?

Siku nyingine zote nasukuma theluji kwa gari
kwenye barabara za Oppdal. Jumatano jioni
baraza la usuluhishi hunipa nauli
nikae katikati ya watu, ninyamaze vizuri.

Gudveig alifika wa kwanza. Hakuvua koti.
Sindre, miaka kumi na sita, alikuja na mama na mjomba,
mkono wa kushoto mfukoni,
ule uliowasha kiberiti
usiku wa Novemba, zizi likaungua,
na kondoo kumi na mmoja ndani yake.

Mahakama ingeuliza: sheria ipi imevunjwa,
nani kaivunja, apewe nini.
Sisi huuliza: nani kaumia,
anahitaji nini, na ni juu ya nani kumtimizia.
Nimeyasema maneno haya mara nyingi
hadi yamelainika ulimini
kama sabuni ya nyumba ya wageni.

Lakini jioni ile nilisikia neno likigeuka.
Mvulana, macho kwenye zulia la alfabeti:
"Nimekosa."
Na Gudveig, bila kupandisha sauti:
"Mimi ndiye niliyekosa.
Nimekosa kelele za asubuhi.
Nimekosa sababu ya kuvaa viatu."

Kitenzi kimoja, kimekalia viti viwili.
Aliyetenda amekosa.
Aliyetendewa amekosa.
Na kulipa ni ndugu yake:
deni hulipwa, kisasi hulipwa,
mkono ni ule ule.

Mjomba alikuja na bahasha.
Gudveig akaisukuma kwa kidole kimoja.
"Bima imeshalipa. Bima haikuwajua kwa majina."
Akawataja, polepole:
Dokka. Krølla. Svartkinn. Gullhorn…
wa mwisho hakuwa na jina,
alikuwa bado mdogo, sikio limepasuka.
Nilidhani atalia kwenye la sita.
Aliyelia ni mjomba.

"Rudia," akamwambia mvulana.
Akapata saba.
"Tena."
Tisa.
Nje theluji ilianza kushuka, na mimi,
sitaficha, nikaanza kufikiria barabara.

"Kwa nini?" akauliza mwishowe.
Swali hilo nimeliona likijibiwa kwa pombe,
kwa marafiki, kwa mabega tu.
"Nilikuwa na baridi," akasema.
"Mlango wetu ulikuwa umefungwa."
Hapo mama yake akaanza kusoma zulia,
A, B, D,
na hakuna kati yetu aliyemgusa kahawa.

Tukaandika mkataba, karatasi moja:
Aprili, kondoo wapya wakianza kuzaa,
Sindre atakuja saa kumi alfajiri, siku ishirini.
Mjomba akauliza, kwa uchovu wa mtu mwema,
"Kwa hiyo umemsamehe?"
"Hapana," akasema Gudveig akifunga vifungo vya koti
ambalo hakuwahi kulivua.
"Nimesema aje na glavu."

Kwenye fomu yetu hakuna mstari wa msamaha.
Zamani niliona ni kasoro.

Siku ya kwanza alikuja. Ya pili, ya tano.
Nilipita na gari, nikaona taa
kwenye zizi ambalo mbao zake bado zinanuka utomvu,
na vivuli viwili vimeinama juu ya kitu kimoja.
Walichoambiana sikijui.

Siku ya kumi na tatu hakuja.
Simu yangu ililia kabla jua halijachomoza.
Nikajua: analalamika, mkataba umevunjika,
faili lirudi kwa polisi.

"Hakuja," akasema Gudveig.
Nikasikia kondoo nyuma yake, wengi.
"Pita kwao, ukaangalie
kama kuna mtu amemfungia mlango."

Nikageuza gari.